Mguu wa Kitanda

Mimi si fundi. Hilo lijulikane mapema.
Mchana napima vifurushi stesheni ya Tabora,
nabandika namba, natia sahihi,
nasimangwa kwamba mzani wangu unaonea.
Ila Jumamosi ikigonga saa tisa
Mihambo wa Isevya huniachia kona ya karakana,
mitungi miwili, mpira wenye viraka
na onyo lile lile: "Karani, usiniunguzie paa."

Baiskeli ni Finiksi ya Nyamizi, mke wangu.
Imebeba mkaa, imebeba mapacha wetu,
imebeba madumu ya asali ya shemeji kutoka Sikonge,
hadi siku goti lake lilipokataa.
Hakusema.
Nilimwona tu, nyuma ya choo,
akiilaza chini kama ng'ombe wa kuchinjwa,
anaingiza miguu, kisha anainuka nayo,
macho kando, kana kwamba hakuna aliyeona.

Nikaamua: bomba la juu litoke.

Kukata ni rahisi, msumeno hauulizi.
Lakini fremu iliyotolewa bomba la juu
ni mdomo usio na meno, inachezacheza,
haikumbuki tena mbele ni wapi.
Kwa wauza skrepa nyuma ya soko
nikapata mguu wa kitanda cha bweni,
kilo moja na robo, rangi ya kijani ya serikali,
na ubavuni, kwa ncha ya bikari:
D. S. KIDATO CHA PILI.

Mara ya kwanza nilitumia umeme.
Kijiti kiligusa, kikanata, kikatoboa.
Bomba la baiskeli ni ganda la yai, sikujua;
nikabaki na tundu la kupitisha kidole,
na umeme nao, kama ulioona haya,
ukakatika mtaa mzima.
Mihambo hakucheka. Alikohoa.

"Chembamba hakichomwi," akasema, "kinabembelezwa."
Akanipa ufito wa shaba na unga mweupe kwenye kopo la kahawa.
Ongeza oksijeni, kidogo, kidogo tena,
mpaka moto uache masizi
ukae ulimi mfupi wa buluu.
Pasha huku, pasha kule, usitue mahali pamoja.
Chuma kikafika wekundu wa tofali
na shaba ikalegea, ikameta, ikatambaa,
ikazunguka kiungo ikaingia ndani
kama asali iliyoona ufa.
Haikufuata mkono wangu. Ilifuata joto.
Miaka arobaini na minne, ndiyo kwanza nayajua hayo.

Wanasema chuma kifuliwe kingali moto.
Hawasemi yanayofuata: usikimwagie maji,
geuza ndoo, kaa, kiache kipoe chenyewe,
mbu wakutafune, adhana ipite,
na mkono unaotamani kushika uukalie.

Kisha uzi, kutoka shingo ya usukani
hadi nyuma, kushoto, na kurudi kulia.
Kushoto vidole viwili.
Kulia vidole viwili na kucha.
Nilipima mara sita. Kucha haikuondoka.

Tupa nilipitisha kila mahali
isipokuwa pale penye herufi.
Nilifika, nikasita, nikaruka.

Jumapili asubuhi Nyamizi aliitoa mwenyewe.
Mguu ukapita. Kanga haikupanda.
Akaenda mpaka njia ya reli,
akarudi, akazunguka mwembeni kwa jirani,
mapacha wakimkimbilia nyuma wakipiga kelele,
akasimama mbele yangu bila kushuka.
"Inavuta kulia."
Nikaanza kueleza habari ya uzi na kucha.
"Na wewe unavuta kulia," akasema, "nimekuzoea."

Halafu akainama, akasoma ubavuni.
"Na huyu D. S. ni nani?"

Nilimwambia sijui, na ni kweli.
Tumekisia: Daudi, Dotto, Dafroza,
mtoro, mlafi, mtoto aliyelia wiki ya kwanza.
Siku hizi akichelewa sokoni
haombi radhi. Anaegemeza baiskeli ukutani,
anafungua kapu:
"Tulikawia kidogo, mimi na D. S."