Wageni Wameuliza Pa Kula

Wameoga, wamejipaka dawa ya mbu,
wamesimama kibarazani kwangu, mume na mke,
na swali lilelile la kila jioni:
"Bi Dativa, leo tule wapi?"

Kijiji chetu kina njia moja ya mchanga
na majiko yanayotazamana.
Nikinyoosha kidole kushoto, kulia kunanuna.

Kwa Marcelino kuna taa za rangi hadi juu ya minazi,
bei kwa chaki, bei ya dola,
na kwa kila kichwa ninachompelekea
hunitumia soda, au ahadi ya soda.
Kambakoche wake wamelala kwenye barafu tangu Jumanne.
Najua. Barafu hununua kwangu.

Kwa yule Mkanada, piza.
Si mbaya. Lakini mtu hapandi ndege mbili na boti
aje kula jibini la kopo.

Akina Chun wamefunga, binti yao amejifungua mjini.

Anabaki Eufemia.
Meza nne, vitambaa vya plastiki, paka mwenye jicho moja.
Ndizi mbichi na mbivu anaziponda pamoja
katika kinu cha mama yetu,
kinu nilichokidai mimi siku ya matanga
mbele ya watu, kwa sauti ambayo hadi leo naisikia.
Samaki anamtosa kwenye tui zito,
kotimiri pori, pilipili nzima isiyopasuliwa.
Miaka sita.
Tukikutana dukani, kila mmoja husoma bei za sabuni.

"Kuna mahali," nasema, "paka asiwatishe.
Msiulize menyu. Mwambieni apike
kama anajipikia mwenyewe.
Na msiseme nani kawatuma."

Wameondoka na tochi yangu,
ile niliyoizungushia utepe mwekundu.
Mimi nimekaanga yai, nikalila nimesimama.

Saa nne wamerudi, midomo inang'aa,
mume anapapasa tumbo, anatafuta neno, halipati.
Mke amenikabidhi bakuli lililofunikwa kwa sahani,
bado lachoma kiganja.

"Hatukusema kitu, Bi Dativa. Tuliweka tochi mezani tu.
Akaitazama mpaka tukadhani tumekosea.
Halafu akaingia jikoni, akatoka na hili.
Amesema bakuli lirudi."

Hakusema lini,
wala lirudishwe na nani.

Nimevuta kiti.
Pilipili ni nzima, haikupasuka.