Jiwe Nililolibakiza

Kilolo, Julai. Baridi imeingia hadi kwenye meno ya kitana.
Nimejifunika blanketi la mgambo, simu nimeichomeka
kwenye betri ya sola aliyotuachia baba,
na kule ndani, kwenye mji usio na udongo,
mimi ni mwanamke mrefu mwenye mabawa ya shaba.
Huko siitwi Tulalumba. Naitwa Ngurumo.
Huko hakuna shikamoo,
hakuna wa kuniuliza natoka wapi saa hizi.
Nikitaka kilima nanyanyua kidole, kilima kinaota.
Nikikichoka, nakikunja kama kanga.

Usiku mmoja nilitaka ziwa.
Basi. Sababu nyingine sina.
Nikapanga mawe mtoni, moja, mawili, arobaini,
maji yakasimama, yakanikodolea macho,
yakawa ziwa, na mwezi nikauweka mwenyewe.

Asubuhi, barua mlangoni:
*Kanuni ya nne. Mto ni wa wote.
Umefungiwa kuruka siku saba.*
Siku saba! Mimi, Ngurumo,
nitembee kwa miguu kama mtu wa Kilolo!

Nikawaka. Nikaandika kwa herufi kubwa:
NANI ALIWACHAGUA? HUU NI MCHEZO TU.
BANDO NIMENUNUA KWA VIAZI VYANGU.
Wapo walionipigia makofi, wapo walionicheka,
na mmoja, wa kule chini mto unakopinda,
simjui jina, umbo lake ni kobe mwenye kofia,
akaandika mstari mmoja:
*Dada, kinu changu kimesimama tangu juzi.*

Kinu! Kinu kisichosaga hata punje,
unga wake hauchafui hata kidole.
Nilicheka peke yangu gizani,
kisha kicheko kikanikwama kooni.

Maana najua maji yakisimama huwaje.
Huku bondeni, kwenye vinyungu,
maji yana zamu, zamu zina daftari,
na daftari analo mama.
Jumatatu kwa Kihwelo. Jumanne kwa Mgovano.
Sisi Jumamosi, alfajiri mpaka jua la utosi.
Mwaka ule mama mdogo alifungua mfereji usiku;
mama alimtoza jogoo, mdogo wake wa tumbo moja,
na jogoo akaliwa na kamati,
mama akaifyonza shingo bila kupepesa.
Nilimchukia wiki nzima.
Nikasema nikikua nitaishi mahali
ambapo maji hayaombwi ruhusa.

Nimekua. Nimehamia.
Kumbe daftari nimehama nalo.

Siku ya tano ya kifungo nikashuka kwa miguu.
Kutoka juu sikuwahi kuona:
mtu kapanda maua ya njano kando ya mto,
yamepangwa yasomeke jina la mtoto.
Yalikuwa yamekauka. Huko hata maua
yamefundishwa kukauka.

Nikatoa mawe, thelathini na tisa.
Moja nililibakiza.
Hakuna kanuni ya jiwe moja, nimezisoma zote.
Maji yanaligonga, yananung'unika, yanapita,
na mimi napenda yajue nipo.

Jumamosi, zamu yetu. Umande umeganda juu ya majani ya viazi.
Nimetangulia na jembe kufungua mfereji,
nakuta tuta la maharage limelowa tayari.
Nikainama. Penye mlango wa mfereji, chini ya tope,
jiwe dogo limeegeshwa kwa ufundi,
linapitisha uzi wa maji, mwembamba kama wa sindano,
kila siku, zamu iwe ya yeyote.
Pembeni, alama ya kandambili yenye kisigino kilichopasuka.
Naijua. Niliishona mwenyewe kwa waya.

Mama akafika nyuma yangu, daftari kwapani.
Akaniangalia, akaliangalia jiwe, akapiga chafya.
"Fungua maji," akasema. "Jua halitungoji."

Nikafungua.
Lile jiwe sikuligusa.