Vyumba vya Uyoga

Mvua ya kwanza ilipiga bati saa kumi alfajiri
ikanyamaza, kama mtu aliyekosea nyumba.
Kulipokucha njia zote za Katuba zilikuwa nyekundu, laini,
nami nikakivua kitambaa cha kiangazi juu ya redio.

Mama hakuacha kitambaa kipitilize majira yake.
Juni, baridi ikituuma vidole, redio ilivaa mbabula yenye makaa.
Desemba nyota, ya pembe nne tu, ya tano ilimshinda.
Pasaka, ndege fulani. "Ni jogoo," alisema, "msiulize."
Na mvua ikianza, uyoga:
ule mkubwa wa kwenye kichuguu,
ambao wanawake wa njia ya Kasumbalesa
huuinua kwa mikono miwili kusimamisha magari.

Ramani aliichora kwenye karatasi za hesabu
alizorudi nazo baba siku ofisi ya mgodi ilipofungwa.
Upande mmoja majina ya watu na madeni yao,
upande wa pili vyumba vidogo vya buluu,
na msalaba wa penseli palipotakiwa kujazwa.

Nilikuwa na miaka minane, nimekalia bidoni.
*Nguzo moja. Minyororo miwili. Ruka viwili. Nguzo.*
*Hicho ni chumba kitupu.*
*Nguzo, nguzo, nguzo, nguzo:*
*hicho kina watu.*
*Na usihesabu kwa macho, macho yana tamaa.*
*Hesabu kwa kidole.*

Leo nimenunua donge moja la uzi kule Njanja,
si jeupe hasa; muuzaji aliliita "maziwa"
apate kupandisha bei.
Kulabu ni ileile ya chuma,
imepindia kidole chake cha kati,
mimi inanikatalia.

Safu ya kwanza hadi ya thelathini:
shina, pete, ukingo wa mwavuli.
Nikafunua karatasi ya tatu
na karatasi ya tatu haikuwepo.
Yaani ipo: pembe mbili,
jina la mtu aitwaye Kyungu, mifuko miwili ya unga, hajalipa,
na katikati, njia za mchwa,
zinakata kona, zinarudi, zinaachana.
Wamekila kichwa cha uyoga.

Nilicheka peke yangu hadi Mwewa wa jirani akachungulia.
Maana huko porini ni wao wanaoulima,
gizani, chini kabisa ya kichuguu,
mpaka mvua iwaombe.
Labda walikuja tu kuchukua chao.

"Jaza yote," Mwewa akasema. "Uyoga si mweupe?"
Ningeweza. Uzi ulitosha.
Lakini mama alikuwa na hesabu yake pale,
nami sikuwahi kuishika kichwani;
kila mwaka nilimtazama mikono,
sikutazama karatasi.

Basi nikaiweka juu ya paja
nikafuata meno yao.
Palipoliwa, chumba kitupu.
Palipobaki, watu.
Safu kwa safu, kwa kidole,
hadi ya arobaini na nne, nikakata uzi.

Nimekichovya kwenye uji mwepesi wa mihogo,
nimekitandaza juu ya mto, nikakibana kwa pini,
na pini zilipoisha, kwa miiba ya mlimau.
Kimepinda kushoto. Shina limenenepa.
Mwewa ameonyesha chumba kimoja kitupu karibu na ukingo,
ati pale ndipo kwao.

Usiku kumbikumbi wakaifuata taa.
Mamia. Wakaanguka juu ya uzi mbichi,
wakavua mabawa yao wakayaacha hapo,
mengine yamenasa kwenye wanga mpaka sasa;
nimeyatoa yale niliyoweza.
Wenyewe tuliwakusanya kwenye beseni,
tukawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo.
Deni ni deni.