Konzi ya Mama

Bwana Nyaulingo, afisa manunuzi wa chuo,
amenirudishia zabuni yangu na wino mwekundu:
"Konzi si kipimo. Andika gramu."
Basi nimenunua mizani pale Sabasaba,
ndogo kama kisahani cha chai, inakula betri mbili,
na leo Jumapili nimeketi jikoni, Chang'ombe,
natafsiri.

Naanza na kikombe cha bati, kile cha buluu,
kilichobanduka rangi mdomoni.
Maji: mia mbili na hamsini.
Hapo hatuna ugomvi.
Unga wa ngano uliochekechwa: mia na ishirini na tano.
Nakigonga kikombe mezani mara tatu,
unga unashuka kama mtu aliyeshusha pumzi,
najazia: mia na hamsini na tano.
Kikombe kilekile, unga uleule.
Nafuta. Naandika. Nafuta tena.
Sukari, mia mbili.
Chumvi inakaribia mia tatu, na wala haijajitutumua.
Mlenda mkavu uliosagwa, kikombe tele hadi pomoni,
gramu hamsini na kidogo,
mwepesi kama ahadi ya mgombea.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa shuleni Mvumi;
mwalimu hakusema haba moja ni gramu ngapi.

Nikamkumbuka baba.
Aliuza alizeti kwa debe,
mnunuzi akilitikisa, akilisindilia kwa goti,
akilivika kilemba juu,
na debe lile, pamoja na kilemba chake,
halikumfikisha mtu kilo kumi.
Kisha akaenda Kibaigwa kununua mahindi kwa kilo.
Debe la mahindi ni kilo kumi na nane.
Usiku alipanga sarafu juu ya kigoda,
akazipangua, akazipanga,
akafa hajui ni wapi alipokuwa akidondosha.

Zimebaki karanga.
"Mama," naita, "njoo utie konzi."

Konzi zake nazijua zote mbili:
ya karanga, na ile ya utosini
siku nilipomwaga uwele wa watu mashineni kwa Ndahani.
Anakuja akijifuta mikono kwenye kanga,
anaitazama mizani kama anavyomtazama mgeni
aliyeingia bila kubisha hodi.
Anachota. Thelathini na tatu.
"Tena, Mama." Thelathini na nne.
"Tena." Thelathini na tatu.
Mkono huo hauhitaji betri.

Kisha nikachota mimi, kwa mzaha tu.
Arobaini na nane.

Nikanyamaza.
Maana nilipokuwa darasa la tatu
konzi yake moja ilijaza viganja vyangu viwili
na punje nyingine zikaanguka, kuku wakagombania.
Mkono huu wa kwangu ndio ule wa kwake,
watu wote husema, hadi kucha ya kidole gumba.
Na miezi yote hii mlenda umekuwa mwepesi,
wanafunzi wakinung'unika, sahani zikirudi nusu,
nimemlaumu Mbeleje anayeniuzia karanga,
nimeyalaumu magadi, nimeilaumu mvua ya Kongwa,
nikabadilisha hata kinu.
Konzi mbili kwa sufuria ndogo, ndivyo alivyonifunza,
na ndivyo anavyotia mpaka leo, mbili, hakosei hata moja.

"Inasemaje hiyo mashine yako?"
"Inasema uko sawa, Mama."
"Si nilikwambia. Umetupa hela."
Akageuka kuutafuta mwiko.
Nikachota haraka nusu konzi, nikaitia sufuriani,
nikakoroga kwa kijiko nisigonge ukingo.

Kwenye fomu ya Bwana Nyaulingo nimeandika:
karanga zilizotwangwa, gramu tisini na sita.
Hataniuliza ni za mkono wa nani.

Mama ameonja. Amelamba kiganja chake mara mbili.
"Leo," anasema, "karanga za Mbeleje ni nzuri."