Dirisha la Tatu, Bandari ya Mwanza

Kadi ya homa ya manjano, ipo.
Pasi ina miezi sita na ushee.
Mfuko wa plastiki uache hapa, mama,
huku ni marufuku.

Nikamwongezea ya mdomo, yasiyo na muhuri:
maji ya bomba usinywe,
bodaboda bila kofia usipande,
ziwani usitie hata unyayo. Kichocho.

Akaliandika neno kiganjani,
akachungulia dirishani:
na yule anayepiga mbizi kando ya mitumbwi,
hajaambiwa?

Nikagonga. Siku tisini.

Ni Ng'washi, kitinda mimba wangu.
Hunisubiri hapo nitoke kazini
tupande mlima wa Igogo,
nywele zikimnuka dagaa
na maji niliyoyakataza tangu asubuhi
mara arobaini na moja.