Komeo la Ndani

Nyumba ya kwanza, kule njia ya Himo,
ilikuwa na bango, na picha za watu wanaocheka.
Msimamizi alitukaribisha soda,
akafungua daftari la bei kabla hatujaketi vizuri.
"Siku tisini," alisema, "namrudisha mpya, dada,
kama shati lililotoka dukani."
Mimi nauza mitumba Kiboriloni.
Nazijua nguo zinazoitwa mpya.

Nderingo hakusikia hata neno.
Alikuwa anatazama geti.
Mdogo wangu, kabla ya unga, alikuwa fundi wa kuchomelea;
nusu ya madirisha ya Pasua yamepita mikononi mwake,
na mashine yake ikapita mikononi mwa mtu wa Majengo
kwa kete nne na nauli ya kurudi nyumbani,
nauli ambayo haikumfikisha nyumbani.
Jicho, hata hivyo, hakuliuza.
"Dada Aikande," alininong'oneza,
"komeo limechomelewa nje."

Tukaaga. Soda tuliziacha nusu.

Usidhani nilikuwa na busara.
Nilitaka kumwacha pale pale.
Nilitaka mtu, mtu yeyote, amfungie,
nilale usiku mmoja bila kuhesabu vijiko.
Miaka sita nimelalia mkoba.
Sufuria zangu zimelelewa kwa jirani kama yatima.
Nimemuuguza arosto kwenye sakafu ya jikoni,
anatetemeka saa saba mchana, bati linachemka,
ananiita mama,
na mama tulishamzika Mwika
huku yeye akitafutwa nyuma ya stendi.

Daktari alimpima, akamweleza njia zote mbili:
ipo dawa ya kunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi,
na wapo walioshika maisha yao kwa kikombe hicho.
Nderingo aliinamisha kichwa.
"Namheshimu anayekunywa," alisema.
"Ila mimi najijua. Nataka kuamka
pasiwe na kitu ninachokisubiri."
Sikuelewa. Sikubisha.

Nyumba ya pili ipo juu, njia ya Uru,
mahali lami inapokata tamaa.
Hakuna bango. Kuna migomba, kuku,
na kamba ya nguo yenye suruali kumi na moja.
Kiwia, mwenye nyumba, naye aliwahi kuwa teja;
mkono wake una mistari kama daftari la shule.
Nilimuuliza: hapa mnatumia dawa gani?
"Uji," alisema. "Jembe. Kikao asubuhi, kikao jioni.
Na mtu wa kukesha naye usiku wa tatu,
maana usiku wa tatu una urefu wake."
"Akizidiwa?"
"Hospitali. Hapa hatushindani na kifo."
"Atapona?"
Alichambua maharage kidogo kabla ya kujibu.
"Mwaka jana walikuwa tisa.
Wanne nakunywa nao chai. Watatu sijui walipo.
Wawili niliwazika."

Nilikasirika. Nimekuja kununua ahadi,
nakuta mtu anauza hesabu.

Ndipo Nderingo alipoinuka, akaenda mlangoni,
akapapasa chuma kama anayepapasa shingo ya ng'ombe,
akavuta, akasukuma, akavuta tena.
Komeo lilikuwa ndani.
Limelegea, bawaba inalia.
"Hii inataka grisi," alisema.
Na Kiwia, macho hayatoki kwenye maharage:
"Basi kesho utaitia."

Kesho.
Miaka sita sijasikia mtu
akimpa ndugu yangu kesho.

Mfukoni mwake: blanketi, sabuni ya mche, kandambili,
na jani la isale, alilochuma uani bila kuniambia.
Alilitoa, akalitazama, akanitazama,
akalirudisha.
"Hili la siku nyingine," alisema.
Nilishukuru. Sikuwa tayari kulipokea.

Nilishuka mjini peke yangu, viatu vimejaa vumbi.
Nilizirudisha sufuria zangu, mbili tu, za mwanzo.
Usiku niliweka mkoba chini ya mto,
nikakumbuka hayupo,
nikanyoosha mkono niutoe,
nikauacha.