Itanikaukia Njiani

Tulilifagia ghala siku mbili
na bado vumbi la korosho lilitukaba kila tulipoimba.
Newala, Julai, ghala ni mizani na panya
na ubao wa bei za msimu uliopita.
Hakuna aliyetaka kuutazama, tukaugeuzia ukutani.
Pazia: magunia ya juti, mihuri ya ushirika kichwa chini.
Tiketi: migongo ya stakabadhi zilizokwisha kazi.
Watoto mia mbili, wazee bure,
mwenye kiti chake aje nacho.

Mimi nilipewa mabomu.
Bati moja, nyundo iliyovishwa soksi,
na agizo: usiutazame mchezo, mtazame Liberata,
mwalimu wa sayansi kimu,
mtunzi, mpangaji, mgombezi wetu.
Kidole juu, ndege inakuja.
Mkono chini, piga.

Kwaya ya Mkunya ikafungua, kanga sare,
sauti ya tatu ikipotea na kurudi.
Kisha Ajaba, fundi cherehani, akatoka kama mgambo,
mabuti mawili, yote ya kushoto,
mwiko begani,
akampigia saluti mbuzi wa watu aliyejiingilia mlangoni.
Tulicheka hadi viti vikalia.
Nadhani tulicheka vile
kwa kuwa tulijua kinachofuata.

Novemba, sabini na nane. Redio mezani.
Lori ni madawati manne na ungo kwa usukani.
Mfaume, miaka kumi na tisa, kidevu hakijamjua wembe,
ni Dadi Nampoto, jina la tatu katika daftari la kata.
Anapiga goti. Anasema kama alivyofundishwa:
"Mama, usilie. Naenda kuilinda nchi."

"Hakusema hivyo."

Safu ya pili. Bi Somoe, juu ya kigoda chake.
Liberata mkono ukamwanguka, kwa mshangao,
nami macho yangu yalikuwa kwenye mkono.
Nikapiga.
Bati likanguruma ghala zima, mtoto akaangua kilio,
na Bi Somoe, bila kugeuza shingo:
"Ngoja wewe. Hatujafika huko."

Kisha akamwambia Mfaume, si sisi:
"Aliniuliza, suruali imekauka?
Nikamwambia bado, mbichi kiunoni, mvua ya jana.
Akaivaa hivyo hivyo. Akasema,
itanikaukia njiani."

Akanyoosha kanga mapajani
kama mtu aliyemrudishia jirani chumvi yake.

Hakuna aliyepiga makofi.
Kila mtu mle ndani alikuwa safarini, akihesabu.
Ingekuwa imekaukia wapi?
Mingoyo? Kivuko cha Ndundu,
matope magotini, lori likisukumwa?
Ndani ya behewa, usiku, karibu na Tabora?
Au ziwani, juu ya meli,
upepo ukiwapiga vijana wasiojua kuogelea?
Mwaka ule mvua haikuchagua mkoa.

Mfaume bado alikuwa amepiga goti.
Akajipapasa kiuno, kama anayetafuta funguo.
Akasema ile sentensi, vibaya,
kwa sauti ndogo isiyofika safu ya nne,
akalipanda lori la madawati.
Liberata hakuinua kidole tena.
Vita vyote vilivyobaki tulivicheza kimya,
na wimbo wa ushindi, uliofanyiwa mazoezi wiki tatu,
kwaya waliuanza, wakaufikisha ubeti wa kwanza,
wakauweka chini.

Mlangoni Bi Somoe alinishika kiwiko.
"Bomu lako," alisema, "lilikuwa zuri."
Sijajua hadi leo nilijibu nini.

Jumamosi tulirudia, Kitangari.
Mstari ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu.
Nyuma ya magunia nilimwona Mfaume
akichota kikombe kimoja kwenye ndoo
(maji ya kununua, huku juu hayachezewi)
akajimwagia kiunoni,
akapanda jukwaani meno yakigongana.

Nikakaza soksi kwenye nyundo.
Nikangoja.